Makato mawili yanayosubiriana: jinsi jozi ya nikesi inavyozima jeni ya CCR5

Magazeti yamezoea kuiita CRISPR, chombo cha kuhariri jeni, mkasi. Sina ugomvi na jina hilo, ila linaficha nusu ya kazi. Mkato ni mwanzo tu. Jeni huharibika baadaye, seli inapojaribu kujiganga haraka haraka na kukosea. Tena kuna jambo ambalo jina hilo halisemi kabisa: chombo hiki hukata hata mahali ambapo hakikutumwa, mradi pafanane vya kutosha na pale kilipotumwa. Mbinu ya kutumia nikesi mbili kwa pamoja, yaani vikataji viwili ambavyo kila kimoja hukata uzi mmoja tu wa DNA, ilitokana na shida hii ya pili. Nitaieleza kwa kufuata jeni moja, CCR5, kwa sababu jeni hiyo ina ndugu anayekaa jirani na kufanana nayo mno.

CCR5 ni jeni ya ishara. Inabeba maelekezo ya kutengeneza kipokezi, yaani protini inayopenya utando wa seli mara saba, ncha moja ikiwa nje na nyingine ndani. Kipokezi hicho kipo kwenye baadhi ya chembe nyeupe za damu, zikiwemo seli T na makrofaji. Mwili ukipata jeraha au maambukizi, seli za eneo hilo hutoa protini ndogo za kuita askari wa kinga. Mojawapo ni CCL5. Ikishika CCR5 kwa nje, umbo la kipokezi hubadilika kwa ndani, protini ya G, inayopokeza ishara ndani ya seli, iliyokuwa imetulia huamka, kalsiamu hupanda ndani ya seli katika muda wa sekunde, na seli huanza kujivuta kuelekea inakotoka CCL5. CCR5 ikiondolewa, CCL5 itaendelea kutolewa kama kawaida, lakini kwa njia hiyo seli haitaisikia.

Umaarufu wake, hata hivyo, umetokana na VVU. Mwaka 1996 watafiti waligundua kwamba virusi hivi, baada ya kushika protini ya CD4 iliyo juu ya seli, huhitaji kushika kitu cha pili ndipo viingie, na aina nyingi hutumia CCR5. Mwaka huohuo ikafahamika kwamba waliorithi kwa baba na kwa mama nakala ya CCR5 iliyopungukiwa herufi 32 za DNA hawaambukizwi kirahisi. Badiliko hilo, delta-32, hupatikana kwa nakala zote mbili kwa takriban mtu 1 kati ya 100 wenye asili ya Ulaya, na barani Afrika ni nadra sana. Wanawake wa Majengo, Nairobi, ambao walikutana na VVU kwa miaka mingi bila kuambukizwa, hawakuwa na siri hii: seli zao zilipojaribiwa maabara ziliambukizwa kama za watu wengine, na kinga yao imetafutwa kwingine. Timothy Ray Brown, aliyepandikizwa uboho wa mtu mwenye delta-32 huko Berlin mwaka 2007 na tena 2008, ndiye aliyewafanya watu wengi waulize swali la wazi: badala ya kumtafuta mchangiaji adimu, kwa nini tusiizime jeni hii ndani ya seli za mgonjwa mwenyewe?

Ndugu wa jirani

Kinachokata katika CRISPR ni Cas9, na inayotumika sana inatoka kwa bakteria Streptococcus pyogenes. Ni kimeng'enya chenye asidi amino 1,368, na chenyewe hakijui pa kukata. Hupewa kipande cha RNA chenye herufi 20 za kulenga shabaha, ndiyo mwongozo wake. Kinapopita kwenye DNA hutafuta kwanza herufi mbili za G zilizofuatana, alama inayoitwa PAM. Kikiipata, hufungua nyuzi mbili za DNA mahali hapo na kulinganisha mwongozo na uzi mmojawapo, kuanzia upande wa PAM. Herufi zikioana, nyuzi zote mbili hukatwa, herufi tatu kutoka kwenye PAM.

Kwenye karatasi, herufi 20 zinatosha na kubaki. Herufi za DNA ni nne, kwa hiyo mipangilio ya herufi 20 inazidi trilioni moja, ilhali jenomu ya binadamu ina herufi kama bilioni 3.2 tu. Lakini hesabu hiyo imechukulia mambo mawili ambayo si kweli. Inachukulia kwamba Cas9 inadai herufi zote 20, wakati kwa kweli hukagua kwa ukali zile kama kumi zilizo karibu na PAM na kulegeza kwa zilizo mbali. Mwaka 2013 maabara ya Keith Joung, Massachusetts, ilionyesha kwamba katika seli za binadamu hata mahali penye tofauti ya herufi tano panaweza kukatwa. Tena inachukulia kwamba jenomu imepangwa kwa kurusha kete. Haikupangwa hivyo. Jeni nyingi zilizaliwa kwa kunakiliwa jeni nyingine, kisha kila nakala ikashika njia yake.

CCR5 na CCR2 ni ndugu wa namna hiyo. Zote zipo kwenye kromosomu ya 3, karibu karibu, na protini zake zinafanana kwa takriban robo tatu. Ila kazi zake ni tofauti: CCR2 husikia ishara ya CCL2 na ndiyo inayoziwezesha monosaiti, aina ya chembe nyeupe za damu, kutoka kwenye uboho kwenda panapohitajika. Mtu anayetaka kuzima CCR5 hana ruhusa ya kugusa CCR2. Hata hivyo, mwaka huohuo wa 2013 timu ya Gang Bao huko Georgia, Marekani, ilijaribu miongozo kadhaa ya kukata CCR5 na ikakuta mingine inakata CCR2 pia.

Na kukata sehemu mbili za kromosomu moja kuna balaa lake. Kipande kilicho katikati kinaweza kudondoka, kisha ncha mbili za mbali zikashikana. Jambo hili lilishaonekana kabla ya CRISPR, kwa vimeng'enya vya kizazi kilichotangulia vinavyoitwa nyukliasi za vidole vya zinki: kati ya CCR2 na CCR5 zilipotea herufi zipatazo 15,000 kwa mpigo. Kinachobaki hapo ni jeni iliyoungwa, kichwa cha ndugu mmoja na mkia wa mwingine.

Kudhoofisha ili kuboresha

Cas9 ina sehemu mbili zinazokata. Moja, HNH, hukata uzi ulioshikana na mwongozo. Ya pili, RuvC, hukata uzi wa upande wa pili. Katika utafiti wa mwaka 2012 uliozaa CRISPR ya maabara, ule wa Jennifer Doudna na Emmanuelle Charpentier waliopewa Nobel ya kemia mwaka 2020, ilishaonekana kwamba kubadilisha asidi amino moja tu kunatosha kuua sehemu mojawapo. Asidi amino ya 10 ikigeuzwa kutoka aspatiki kuwa alanini, badiliko linaloandikwa D10A, RuvC hufa na HNH huendelea. Kimeng'enya hicho kilichobaki na makali ya upande mmoja ndicho nikesi.

Fikiria kamba ya usumba iliyosokotwa kwa nyuzi mbili. Kata uzi mmoja, kamba itaendelea kushika mzigo, na fundi ataunganisha palipokatika kwa kufuata uzi mzima uliobaki. Kata uzi wa pili mita tatu mbele, bado kamba haikatiki. Lakini ukikata nyuzi zote mbili kwa kukaribiana, hapo hapo inaachia.

Kwenye DNA mambo huenda hivyo hivyo. Mikwaruzo ya uzi mmoja hutokea ndani ya kila seli yetu kwa maelfu kila siku, na seli huiziba kwa kunakili uzi wa pili, mara nyingi bila kuacha alama. Kwa hiyo nikesi moja peke yake haiharibu jeni kwa kiasi cha maana. Ukitaka kuvunja jeni, unatuma nikesi mbili zenye miongozo tofauti, kila moja ikilenga uzi wake, sehemu mbili zilizokaribiana. Kuvunjika kwa DNA hutokea pale tu zote mbili zinapofika mahali pamoja. Nikesi ya kwanza ikipotea njia na kugusa jeni nyingine, itakuwa huko peke yake, na jeraha lake litazibwa. Ili ajali itokee, inabidi miongozo yote miwili ipate mahali pa kufanana nayo, kwenye nyuzi zinazopingana, ndani ya umbali wa herufi zisizozidi mia hivi. Ulinganifu unaodaiwa sasa ni wa herufi 40 badala ya 20.

Mwaka 2013 maabara ya Feng Zhang huko Cambridge, Massachusetts, ilipima jambo hili kwenye seli za binadamu. Ukataji nje ya shabaha, kwenye sehemu walizozifuatilia, ulipungua mara 50 hadi 1,500 ukilinganishwa na Cas9 kamili. Maabara ya George Church, Harvard, ilichapisha wazo lilelile mwaka huo. Tarakimu hiyo ya 1,500 hupenda kunukuliwa ikiwa peke yake, na kwa maoni yangu si haki: ni ya sehemu fulani zilizopimwa, na inategemea mwongozo wa kwanza ulikuwa mbaya kiasi gani.

Vipimo vya jozi

Si kila jozi inafanya kazi. PAM za miongozo miwili zinatakiwa ziangalie nje, mwongozo mmoja ukiwa kushoto na mwingine kulia, migongo yao ikielekeana katikati. Umbali kati ya migongo hiyo ndio unaoamua. Zhang na wenzake waliona matokeo mazuri zaidi umbali ukiwa kati ya hasi 4, yaani miongozo ikipandiana kwa herufi nne, na 20. Kwa kuwa kila nikesi hukata herufi tatu kutoka kwenye PAM yake, herufi 17 za kila mwongozo hubaki upande wa ndani. Basi umbali ukiwa sifuri, makato mawili yametengana kwa herufi 34. Ukiwa 20, yametengana kwa 54. DNA inapoachia hapo, kila ncha hubaki na mkia mrefu wa uzi mmoja unaoning'inia, tofauti na ncha butu zinazoachwa na Cas9 kamili.

Seli haivumilii ncha zilizo wazi. Huzishika, hukata mikia hiyo au huijaza, kisha hugundisha ncha moja na nyingine bila kuuliza zilikuwaje mwanzo. Herufi hupotea, au huongezeka. Jeni husomwa kwa makundi ya herufi tatu tatu, kwa hiyo herufi zilizopotea au kuongezeka zisipogawanyika kwa tatu, makundi yote yanayofuata huvurugika, na kabla hujaenda mbali hutokea kundi linaloamuru "simama". Kwa kukadiria, marekebisho mawili kati ya matatu huvuruga usomaji. Seli yenye nakala mbili za jeni, zote zikiwa zimerekebishwa vibaya, ina nafasi ya 4 kati ya 9 ya kupoteza zote mbili. Yenye nakala tatu ina 8 kati ya 27. Hili la nakala tatu si la kufikirika. HEK293, seli zilizotengenezwa Leiden, Uholanzi, miaka ya 1970 na zinazotumika karibu kila maabara ya CRISPR, zina kromosomu kama 64 badala ya 46.

Turudi kwa CCR5. Protini yake ina asidi amino 352, na maelekezo yote ya kuitengeneza yamo kwenye kipande kimoja kisichokatizwa. Ni nafuu kwa anayepanga miongozo, kwani hana haja ya kuhofia kukata mpakani mwa vipande. Ila kuna mtego. Katika jeni nyingi, ujumbe (RNA inayonakiliwa kutoka kwenye jeni) wenye amri ya kusimama mapema hutambuliwa na kuangamizwa na seli, na utambuzi huo hutegemea mipaka ya vipande inayofuata mbele. CCR5 haina mpaka mbele. Ujumbe wake ulioharibika unaweza kubaki salama, na mtu anayepima wingi wa RNA akahitimisha kwamba jeni bado inafanya kazi. Delta-32 yenyewe hutoa protini fupi ya asidi amino 215 ambayo haifiki kwenye utando. Cha kupima, basi, ni protini iliyo juu ya seli.

Na miongozo iwekwe wapi? Kanuni moja inashinda nyingine zote: walau mmoja kati ya miwili ukae mahali ambapo CCR5 na CCR2 zimetofautiana waziwazi, hasa upande wa PAM, au bora zaidi pale ambapo CCR2 haina PAM kabisa. Hapo, hata mwongozo wa pili ukidanganyika na kwenda kwa CCR2, utakwaruza uzi mmoja na kuondoka. Kinyume chake, mtu akichagua miongozo miwili kwenye sehemu ambazo ndugu hawa wamefanana, jozi nzima itahamia CCR2 na kukata huko kama inavyokata hapa. Nikesi haitamwokoa, na ripoti yake itaendelea kusema alitumia mbinu salama.

Kuthibitisha

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo makala nyingi hukimbia. Jaribio la heshima lina vikundi vitano vya seli: zisizopewa kitu, zenye nikesi na mwongozo wa kwanza tu, zenye nikesi na mwongozo wa pili tu, zenye nikesi na miongozo yote miwili, na zenye Cas9 kamili. Vikundi vya mwongozo mmoja vinapaswa kuonyesha mabadiliko machache mno. Vikionyesha mengi, shuku kwanza plasmidi, ile DNA ya mviringo iliyobeba maelekezo ya nikesi. Huenda nikesi yako imechanganyika na Cas9 kamili.

Baada ya siku chache DNA hutolewa, eneo la CCR5 hukuzwa kwa PCR, njia ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi, na kusomwa herufi kwa herufi, na eneo la CCR2 vilevile. PCR nayo ina upofu wake. Ikitokea kipande kikubwa kimeng'oka pamoja na mahali ambapo vianzishi vya PCR, vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha unakili, hushika, nakala hiyo haikuzwi kabisa, na majibu yataonyesha zile nzima tu. Kwa jeni yenye ndugu jirani ni lazima kuongeza PCR inayoanzia CCR2 na kuishia CCR5: ikitoa bendi fupi, kuna kromosomu zilizopoteza kipande cha kati.

Halafu inakuja ishara yenyewe. HEK293 hazifai hapa, kwani kwa kawaida hazitengenezi CCR5. Zinakuonyesha kama DNA imekatwa, hazikuonyeshi kilichopotea. Lazima utumie seli zilizo na kipokezi, kwa mfano seli T za CD4 zilizoamshwa. Seli hupakwa kingamwili yenye rangi inayong'aa inayoshika CCR5, kisha hupitishwa moja moja mbele ya leza. Zilizopoteza kipokezi hubaki giza. Baada ya hapo zinapewa CCL5 huku kalsiamu ikipimwa: seli ambazo hazijaguswa huonyesha mstari unaopanda ghafla na kushuka, zilizozimwa huonyesha mstari uliolala. Mara hiyohiyo zijaribiwe na CCL2. Zile zenye CCR2 zinatakiwa ziitikie kama kawaida. Zisipoitikia, ama ndugu ameguswa ama seli zimechoka tu. Kutofautisha hayo mawili kunahitaji kurudisha CCR5 nzima kwenye seli zilezile na kuona kama mstari wa CCL5 utapanda tena.

Isichotatua

Jozi ya nikesi inapunguza makato ya bahati mbaya. Mkato uliokusudiwa wenyewe haijaufanya mpole. DNA bado inavunjika nyuzi zote mbili pale kwenye CCR5, na yanayofuata huko ni yaleyale: kipande kikubwa kinaweza kupotea, na katika seli zisizo za saratani p53, protini inayolinda seli DNA inapoharibika, inaweza kustuka na kusimamisha mgawanyiko. Isitoshe, miongozo miwili lazima iingie kwenye seli moja kwa wakati mmoja, na mmoja ukiwa dhaifu jozi nzima inadhoofika.

Kuhusu VVU, kuzima CCR5 hakufungi njia zote. Kuna virusi vinavyotumia kipokezi kingine, CXCR4, na mgonjwa mmoja wa Essen, Ujerumani, aliyepandikizwa uboho wenye delta-32 aliona virusi vya aina hiyo vikirudi. Wala CCR5 si jeni ya bure: wasio nayo huumia zaidi wakipata virusi vya West Nile. Sababu hizi zilipaswa kutosha kumzuia yeyote kuigusa kwenye viinitete, na bado mtafiti wa China He Jiankui alitangaza mwaka 2018 kwamba wamezaliwa mapacha aliowahariri, akaishia gerezani China mwaka uliofuata.

Kwenye tiba, jozi ya nikesi haikushika usukani. Dawa ya kwanza ya CRISPR ya selimundu, iliyoidhinishwa Uingereza Novemba 2023, hutumia Cas9 kamili yenye mwongozo mmoja, na walioogopa makato ya pembeni walipata Cas9 zilizofinyangwa upya ziwe na ukali wa kukagua. Nikesi imehamia kwingine. Mwaka 2016 maabara ya David Liu iliiunganisha nikesi ya D10A na kimeng'enya kinachogeuza herufi C kuwa T: kimeng'enya hugeuza herufi kwenye uzi mmoja, nikesi hukwaruza uzi wa pili, na seli inapoziba mkwaruzo hunakili herufi mpya. Kwenye jeni kama CCR5, kundi la CAG likigeuzwa hivyo kuwa TAG, protini husimama hapohapo bila nyuzi mbili kuvunjika kwa pamoja.